Vikomo Ni Viwili, Sio Kimoja: 401(k), Mgao wa Faida na Hela Yako ya Uzeeni

(Hii ni hotuba niliyoitoa Jumamosi kwenye mkutano wa jumuiya yetu hapa Minnesota. Wengi mlikuwa shifti mkaomba niiweke yote, basi hii hapa. Nimeiacha kama nilivyoongea, zile picha za ukutani sijaziweka maana namba zote nimezitaja humu humu.)

Wazee wangu, shikamooni. Dada zangu, kaka zangu, vijana, habari za jioni. Ndugu zetu wa Congo naona mmekuja kwa wingi leo, karibuni sana.

Naanza na swali, na naomba mnyooshe mikono bila aibu. Nani hapa kazini kwake ana 401(k) au 403(b), yaani zile akaunti za kuweka hela ya kustaafu? Sawa, karibu ukumbi mzima. Haya, shusheni. Sasa nani anajua mwaka jana, 2025, sheria ilimruhusu kuweka mwisho dola ngapi? Eeh. Mnaona mikono ilivyopungua? Na nani kati yenu kazini kwake wanatoa mgao wa faida, wanauweka moja kwa moja kwenye akaunti ya kustaafu, na anajua ule mgao unahesabiwa wapi? Hapo sioni mkono hata mmoja. Basi hiyo ndiyo kazi yetu ya leo.

Nyumbani tulizoea NSSF. Tanzania ni asilimia 20 ya mshahara, wewe na mwajiri mnagawana, Kenya ni 6 kwako na 6 kwa mwajiri hadi kiwango fulani cha mshahara, sheria imeshapanga, huulizwi kitu, unaona tu imekatwa. Hapa Marekani wewe ndiye unayeamua ukate kiasi gani, uanze lini, usimamishe lini, na ukizidisha wewe ndiye unayebanwa. Ndio maana mtu anaweza kufanya kazi miaka 15 hapa, ovataimu kila wiki, na bado hajui haya mambo, maana hakuna siku aliyokalishwa chini akaelezwa. Kwenye semina ya siku ya kwanza kazini wanakupa makaratasi kibao, unasaini, unakimbilia kuanza kazi. Si ndio?

Sasa nataka mshike hili kabla ya mengine yote. Vikomo ni viwili. Vikomo ni viwili, sio kimoja, na kila kimoja kina mwenyewe.

Chukulia una debe lako. Debe ni la kwako, unatembea nalo, ukiwa na kazi moja unalo hilo, ukiwa na kazi tatu bado unalo hilo hilo moja. Debe ndiyo makato yako mwenyewe yanayotoka kwenye mshahara. Mwaka 2025 debe lilibeba dola 23,500, mwaka huu 2026 linabeba 24,500. Halafu kila mwajiri ana pipa lake. Wewe unamimina debe lako kwenye pipa, na mwajiri naye anamimina ya kwake, ile nyongeza anayokupa kwa sababu wewe umekata, pamoja na mgao wa faida kama anatoa. Pipa la 2025 lilikuwa dola 70,000, mwaka huu ni 72,000, ila haliwezi kuzidi mshahara wako wa mwaka kwa mwajiri huyo, yaani ukilipwa elfu 30 pale basi pipa lako pale ni elfu 30. Na maji ya mwajiri hayapiti kwenye debe lako. Narudia hapo, maana hapo ndipo watu wanapopotea: maji ya mwajiri hayapiti kwenye debe lako.

Wenye miaka 50 na kuendelea, debe lenu linaongezwa. Mwaka 2025 mliongezewa 7,500, mwaka huu 8,000. Wenye miaka 60, 61, 62 na 63 ni 11,250, hiyo ilianza 2025 kutokana na sheria iliyosainiwa Desemba 2022. Kinachoangaliwa ni umri utakaokuwa nao tarehe 31 Desemba, kwa hiyo ukitimiza 50 mwezi wa 12 unahesabika tangu Januari. Na nyongeza hii ya umri inakaa juu ya pipa, hailijazi. Ila kuna jambo jipya mwaka huu, mama zetu manesi mnaopiga ovataimu sana nisikilizeni: kama mwaka 2025 mwajiri huyo huyo alikulipa zaidi ya 150,000, basi hiyo nyongeza ya umri mwaka huu lazima iende Roth, yaani unalipa kodi sasa halafu baadaye unaitoa bila kodi. Sio adhabu, ila mfuko utausikia, cheki itapungua kidogo kuliko ulivyozoea.

Haya, tuje kwenye debe lenyewe.

Kuna dada mmoja wa hapa hapa, nesi, ana miaka 42, ameniruhusu nimsimulie bila jina. Kazi yake kubwa ni hospitali, kule wana 403(b). Wikiendi anafanya nasingi, yaani nyumba ya kutunzia wazee, kule wana 401(k). Mtu mchapakazi, ana watoto watatu, mmoja yuko chuo, na anajali uzee wake, akasema ngoja nikate vizuri kote kuwili. Mwaka jana hospitali alikata 15,000. Nasingi alikata 13,000. Alikuja na W-2 zake mbili, zile fomu za mshahara na kodi anazotoa mwajiri kila mwaka, tukazitandaza mezani. Kwenye hiyo fomu kuna kisanduku namba 12, kina vyumba vidogo vidogo, kila chumba kina herufi na namba. Ya hospitali ilikuwa na herufi E, hiyo ni 403(b), pembeni yake 15,000. Ya nasingi herufi D, hiyo ni 401(k), pembeni yake 13,000. Ukiona AA au BB hiyo ni ile ile lakini upande wa Roth, nayo inahesabiwa pamoja. Jumlisha. Ni 28,000. Debe lake lilikuwa 23,500. Amezidisha 4,500.

Akaniuliza, sasa mbona hakuna aliyeniambia? Nani angemwambia? Hospitali inaona 15,000, iko chini ya kikomo, iko kimya. Nasingi inaona 13,000, iko chini ya kikomo, iko kimya. Kompyuta ya hospitali haiongei na kompyuta ya nasingi. Kila mwajiri kazi yake ni kuhakikisha hujapitisha kikomo kwake yeye. Mwenye kujumlisha ni wewe peke yako, na IRS, yaani watu wa kodi wa Marekani, wakipokea hizo W-2 zote mbili.

Angekuwa na miaka 50 asingekuwa na tatizo, debe lake lingebeba 31,000. Lakini ana 42.

Dawa ipo, ila ina tarehe. Unaandikia mpango mmojawapo, yaani wanaosimamia akaunti ya kazi mojawapo, unawaambia nimezidisha makato ya 2025 kwa dola 4,500, naomba mnirudishie pamoja na faida yake, na hela hiyo iwe imetoka kabla ya tarehe 15 Aprili 2026 haijapita. Ikitoka kwa wakati, ile 4,500 inaingia kwenye kipato chako cha 2025 unailipia kodi ya kawaida, faida iliyozaa inahesabiwa mwaka uliolipwa, na ile faini ya asilimia 10 ya kutoa hela kabla ya umri haikugusi kabisa. Ukichelewa je? Hela hiyo inatozwa kodi ya 2025, inabaki mle ndani, halafu siku ukiitoa uzeeni inatozwa tena. Hela ile ile, kodi mara mbili. Na wale mnaopenda kuomba muda zaidi wa kupeleka ritani mpaka Oktoba, ombi hilo halisogezi tarehe hii. Tarehe 15 Aprili ni tarehe 15 Aprili. Na usipeleke barua tarehe 14, mipango mingi inataka wiki kadhaa za kufanya hesabu ya faida na kutoa cheki, kwa hiyo ipeleke mapema.

Huyu dada alipeleka barua nasingi, kwa sababu kule hawaongezi chochote juu ya makato yake, hospitali ndiko wanakoongeza. Huo ndio uamuzi ambao hata mimi ningeufanya, usiguse upande unaokuletea hela ya ziada.

Jambo hili hili linawapata waliobadilisha kazi katikati ya mwaka. Umefanya kwa mwajiri wa kwanza mpaka Julai, umeshakata 16,000, unaingia kwa mwingine, wanaanza kuhesabu kutoka sifuri. Waambie. Andika barua pepe kwa watu wa mishahara, waambie mwaka huu nimeshakata kiasi hiki kule nilikotoka, msinikatie zaidi ya hiki. Wengi watakusikiliza, ila lazima uwaambie, hawana namna ya kujua.

Kuna wenzetu wachache wanaofanya kazi kaunti au serikali ya jimbo, mna kitu kinaitwa 457(b). Nyinyi mna debe la pili kabisa, kikomo chake hakichanganywi na hiki. Kwenye W-2 ni herufi G. Msije mkarudisha hela kwa kuogopa hadithi ya huyu dada, yenu ni tofauti.

Sasa tuje kwenye mgao wa faida wenyewe, maana hapa nimeona watu wakijiumiza kwa kuogopa tu.

Kwanza muelewe mgao huu ni nini. Mwajiri anaamua kila mwaka atoe au asitoe, na atoe kiasi gani. Sio hela unayoomba, sio hela unayokata. Na jina lisikudanganye, tangu mabadiliko ya kodi ya 1986 kampuni hata isipopata faida inaruhusiwa kutoa, na ikipata faida kubwa inaweza isitoe chochote. 401(k) yenyewe ilipandikizwa juu ya mipango ya mgao wa faida, sheria ya 1978 ndiyo iliyoongeza kile kifungu, ndiyo maana hivi vitu viwili mara nyingi vinakaa kwenye akaunti moja na watu wanavichanganya.

Kuna kijana mmoja anafanya kiwandani, mshahara dola 95,000 ukijumlisha na ovataimu. Mwajiri anamwongezea asilimia 4 kama na yeye anakata angalau asilimia 4. Mwaka jana alikuwa anakata vizuri. Ikafika mwezi wa tatu anafungua simu, anakuta akaunti imeruka, kuna dola 9,000 zimeingia kwa mpigo, zimeandikwa mgao wa faida. Akaogopa. Akapiga hesabu mwenyewe, akasema makato yangu pamoja na hii 9,000 nitapitisha kikomo, IRS watanifuata. Alifanya nini? Akaingia kwenye tovuti akasimamisha makato yake yote kuanzia Aprili mpaka mwisho wa mwaka.

Jamani. Hebu tuhesabu wote. Hata kama angekata debe zima, 23,500. Nyongeza ya mwajiri asilimia 4 ya 95,000 ni 3,800. Mgao 9,000. Jumla ni 36,300. Pipa ni 70,000. Amebakiza nusu ya pipa karibu! Na ule mgao ulitolewa kwa ajili ya mwaka wa nyuma yake, yaani 2024, kwa sababu mwajiri anaruhusiwa kuuweka mpaka siku ya kupeleka ritani yake ya kodi, kwa hiyo hata kwenye pipa la 2025 haukuwemo. Aliogopa kitu ambacho hakikuwepo, na katika kuogopa alijinyima. Miezi 9 hakukata, miezi 9 mwajiri hakuongeza. Asilimia 4 kwa miezi 9 ya mshahara ule ni kama dola 2,850. Hiyo ilikuwa sehemu ya malipo ya kazi yake, kaiacha mezani kwa mwajiri. Hairudi.

Kwa hiyo nawauliza, mgao wa faida ukiingia unapunguza makato yako? (Ukumbi: haupunguzi!) Unapunguza makato yako? (Haupunguzi!) Unaingia wapi? (Kwenye pipa!) Vizuri sana.

Sasa kuna wale wa upande wa pili, wanaokata kwa kasi. Kijana hana familia, anasema nimalize mapema, anakata asilimia 40 tangu Januari, mwezi wa saba debe limejaa, makato yanasimama. Raha, cheki inanona. Lakini kama mwajiri wako anaongeza cheki kwa cheki, makato yako yakisimama na nyongeza yake inasimama. Kampuni nyingine mwisho wa mwaka wanapiga hesabu upya wanakufidia kilichopungua, nyingine hawafanyi hivyo. Waulize HR swali hilo hilo: nikijaza mapema, mwisho wa mwaka mnanifidia? Kama jibu ni hapana, gawanya. Wengi wetu tunalipwa kila wiki mbili, cheki 26 kwa mwaka, 24,500 gawa kwa 26 ni kama dola 942 kila cheki. Kama hiyo ni kubwa kwako, kata unachoweza, ila usishuke chini ya kiwango kinacholeta nyongeza yote ya mwajiri. Najua tunatuma hela nyumbani, najua kuna ada, kuna msiba kila mwezi, mimi pia natuma. Lakini hiyo nyongeza ni mshahara wako, na kuupata lazima ukate.

Tukija kwa wenye biashara, na hapa nitakaa kidogo maana jumuiya yetu siku hizi ina wenye kampuni za kutunza wazee majumbani, wenye nyumba za wagonjwa, wenye malori, na nyinyi ndio mnaosikia kwa wauza bima kwamba unaweza kuweka elfu 72 mfukoni bila kodi.

Unaweza, lakini sikilizeni masharti. Kampuni ikitoa kwenye mpango huu, inachoruhusiwa kukiondoa kwenye kodi kama gharama ni mwisho asilimia 25 ya jumla ya mishahara ya waliomo kwenye mpango. Makato ya wafanyakazi wenyewe hayahesabiwi humo kwenye 25. Na mshahara unaoangaliwa kwa mtu mmoja mwisho ni 360,000 mwaka huu. Kwa hiyo kama kampuni ni wewe peke yako, unajilipa mshahara wa 80,000 kwa W-2, kampuni inaweza kukupa mgao wa 20,000, na wewe unakata 24,500 yako, jumla 44,500. Ili ufike 72,000 mshahara wenyewe lazima uwe mkubwa. Kama hujilipi W-2, yaani faida yote inaingia moja kwa moja kwenye ritani yako, ile 25 hesabu yake inashuka inakuwa kama asilimia 20 ya faida yako baada ya kutoa nusu ya kodi ya kujiajiri. Wenye malori wengi mko hapo.

Na ukiwa na wafanyakazi? Huwezi kujipa mwenyewe ukawaruka wao. Wakishatimiza masharti ya umri na muda, lazima wawemo, na kuna vipimo vya kila mwaka kuangalia kama wakubwa hawajajipendelea. Kuna njia halali za kumpa mwenye umri mkubwa au mwenye kampuni asilimia kubwa kuliko vijana, ila zinahitaji mtaalamu wa kupiga hivyo vipimo, na vijana nao lazima wapate kiwango cha chini. Mimi naona hili ni jambo zuri kabisa. Wale dada wanaowageuza wazee wetu kitandani saa nane za usiku ndio wanaoleta hiyo faida, wakigawiwa na wao ni haki yao.

Kuna mzee mmoja, mfanyabiashara mzuri, ana kampuni ya wauguzi wa majumbani na ana kampuni ya malori, zote mbili ni zake asilimia 100. Akaambiwa na mtu, pipa ni la kila mwajiri, wewe una kampuni mbili, fungua mipango miwili, upate mapipa mawili. Kasikia vizuri, kwa sababu hata mimi hapa nimesema kila mwajiri ana pipa lake. Lakini sheria inaangalia nyuma ya jina la kampuni. Kampuni mbili za mtu mmoja ni mwajiri mmoja. Pipa ni moja. Na baya zaidi, ule mpango wa malori aliuandika ni wake peke yake, kumbe wale wauguzi 12 wa kampuni ya pili walitakiwa wahesabiwe kwenye vipimo. Kusafisha pale kulimgharimu zaidi ya kodi aliyokuwa anaikwepa. Mapipa mawili yanapatikana kwa waajiri wasiohusiana kabisa. Ukiwa unafanya kazi kiwanda cha watu, na jioni una kampuni yako ndogo, hapo sawa, mapipa mawili, ila debe bado moja. Ukishajaza debe kiwandani, kwenye kampuni yako huwezi kukata tena, kinachoweza kuingia ni mgao wa kampuni tu.

Ila sasa manesi, hapa kuna mtego ambao hata wahasibu wengi hawaujui. Kama kazini kwako ni 401(k), ni kama nilivyosema. Kama kazini kwako ni 403(b), na una kampuni yako unayoimiliki zaidi ya nusu ambayo nayo ina mpango wake, sheria inasema ile 403(b) inahesabiwa ni mpango wako wewe, kwa hiyo inaunganishwa na wa kampuni yako kwenye pipa moja. Moja! Hospitali haijui kama una kampuni, na aliyekufungulia mpango wa kampuni hajui kama una 403(b). Waambie wote wawili, kwa maandishi.

Nimalizie na hela ambayo iko kwenye pipa lakini bado sio yako.

Makato yako mwenyewe ni yako asilimia 100 tangu siku ya kwanza. Hakuna anayeweza kuyagusa hata akikufukuza kazi kesho. Lakini mgao wa faida, na mara nyingi nyongeza ya mwajiri pia, una masharti ya muda. Kuna mipango ya kukaa miaka 3, kabla ya hapo hupati kitu, ukifika unapata yote. Na kuna ya ngazi, asilimia 20 mwaka wa pili, 40 wa tatu, mpaka wa sita inakuwa yote yako. Ukiangalia simu inakuonyesha jumla kubwa, tafuta pale pameandikwa ni kiasi gani ni chako kamili. Na kumbukeni mgao unahesabiwa kwenye pipa la mwaka huo hata kama bado haujawa wako.

Kuna kaka yetu dereva, kampuni yake ilikuwa inatoa mgao mzuri tu kila mwaka. Alipata kazi nyingine yenye senti kadhaa zaidi kwa maili, akaaga tarehe 12 Desemba. Kwenye kitabu cha mpango wake wa zamani palikuwa pameandikwa, ili upate mgao wa mwaka lazima uwe umefanya saa 1,000 na uwe bado mwajiriwa tarehe 31 Desemba. Saa alikuwa nazo zaidi ya mara mbili. Tarehe hakuwa nayo. Siku 19 tu, mgao wa mwaka mzima umekwenda. Kazi mpya ingemsubiri mpaka Januari, mwenyewe alisema, hakuuliza tu.

Na wale mnaofanya shifti za kuitwa, ukipigiwa unakwenda, angalieni hizo saa 1,000. Kwenye mipango mingi mwaka usiofikisha saa 1,000 hauhesabiwi hata kwenye ile miaka yako ya kukaa. Ni kama saa 20 kwa wiki. Nimeona mtu yuko saa 960 mwezi wa 12, shifti tano tu zingemfikisha.

Kabla sijashuka, mzee pale nyuma aliniandikia karatasi anauliza, nikirudi nyumbani moja kwa moja hela hii nitaipataje? Mzee wangu, akaunti inabaki yako, huhitaji kuitoa yote siku ya kuondoka. Ukiitoa kabla ya miaka 59 na nusu kuna kodi na juu yake faini ya asilimia 10, ingawa ukiacha kazi mwaka unaotimiza 55 au baada ya hapo, ile ya mwajiri huyo unaweza kuitoa bila faini. Ukiwa raia wa hapa, kodi ya Marekani inakufuata hata ukiwa Moshi au Kisumu. Ukiwa si raia na umeshahama kabisa, kawaida wanakata asilimia 30 palepale, kwa sababu Tanzania na Kenya hazina mkataba wa kodi ya mapato na Marekani. Na mwenye mume au mke ajue, sheria inamtambua huyo kuwa mrithi wa 401(k) hata kama umeandika jina la ndugu yako, mpaka mwenzio akubali kwa maandishi mbele ya shahidi. Kama mwenzio yuko nyumbani bado hajapata viza, bado ni yeye.

Haya. Mezani pale kuna kalamu na karatasi. Wenye kazi zaidi ya moja mwaka jana mje kwanza, mje na W-2 zote, sio moja, tuangalie kisanduku cha 12 pamoja na kama kuna barua ya kuandika tuiandike leo leo. Wenye kampuni mtafuata, na mje na kile kitabu cha mpango, kama hamna basi Jumatatu kiombeni HR au kwa aliyewafungulia, ni haki yenu kupewa.